Mbegu ya ikivuguto isife majumbani mwetu

Jirani yangu hapa Nyamirambo, kijana aliyerudi kutoka Ubelgiji, anafuga kombucha. Kila wiki huchukua ule utando mnene na kiasi cha chai iliyokwisha kuchachuka, akavitia katika chai mpya ya sukari, akafunika kwa kitambaa na kusubiri. Aliponionyesha nilicheka, ingawa si kwa dharau. Nilimwambia kuwa mama yangu alifanya kazi hiyo hiyo kwa maziwa tulipokuwa wakimbizi Karagwe, na mbegu hakununua.

Sisi tuliorudi kuanzia 1994 tulikuja na majina mengi ya kitu kimoja. Waliotoka Tanzania husema mtindi, wa Kenya maziwa lala, na akina mama wanaovuka kwenda Goma hukiita mashanza. Hapa ni ikivuguto. Kwetu mbegu ikifa, mama alinituma kwa jirani na kikombe. Ikimfia jirani, alikuja kwetu.

Leo wengi tunanunua tu. Sina ugomvi na vibanda vya maziwa wala na pakiti za Inyange. Ninachopinga ni maziwa mabichi ya jerikani yanayoachwa yagande yenyewe, eti kwa sababu wazee walisema maziwa yaliyochemshwa hayagandi. Wazee walisema nusu ya kweli. Ukichemsha unaua vijidudu vinavyogandisha, lakini unaua pia vile vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, ambavyo uchachu peke yake hauaminiki kuviua. Ndipo mbegu inapohitajika: inarudisha vile vizuri.

Ndugu yangu aliugua brusela. Homa ilipanda na kushuka, usiku analowa jasho, viungo vinamuuma, na alitibiwa malaria mara mbili kabla damu yake haijapimwa inavyotakiwa. Alimeza dawa wiki sita. Tangu hapo maziwa mabichi hayaingii kwangu.

Kazi yenyewe si kubwa. Chemsha maziwa mpaka yafoke, yaache yapoe kabisa, tia vijiko viwili vitatu vya ikivuguto kizuri kwa kila lita, koroga, funika, ngoja hadi kesho mchana. Kabla watoto hawajakivamia, toa kikombe kimoja uweke katika chombo kilichosuuzwa kwa maji yanayochemka. Hiyo ndiyo mbegu ya safari ijayo. Nami niliwahi kuharakisha, nikaitia katika maziwa ya moto, ikafa yote. Na ikitoka na rangi ya waridi au harufu ya uozo, mwaga, usionje.

Kwa mama zetu wa mpakani nina neno moja zaidi. Jerikani ya plastiki ina shingo nyembamba, mkono hauingii, na utando wa maziwa ya jana hubaki ndani ukiharibu ya leo. Foleni ikichelewa, maziwa mabichi yanachachuka ovyo na mteja anayakataa, hasara ni yako. Ikivuguto kilichogandishwa nyumbani kwa mbegu, ndani ya chombo chenye mdomo mpana, hustahimili foleni hiyo.

Kijana wa kombucha alikuja juzi na kikombe. Nilimpa mbegu, naye akaniuliza kama nahitaji kipande cha utando wake. Bado nafikiri.