Ukuta wa Jirani



Juma lililopita mke wangu alikwenda kumjulia hali jirani yetu hapa Shela, Malindi, mjane aliyemo edani. Wakiwa wameketi, ukuta ukatetemeka. Mvumo ulitoka kwetu: kijana wangu alikuwa akitazama filamu kwa spika zake mpya. Bibi yule hakulalamika. Alisema tu kwamba siku hizi usingizi humjia kwa kuchelewa. Nilipoelezwa, niliona haya.

Kijana alijitetea kwamba akipunguza sauti hayasikii maneno. Ni kweli. Maneno hutoka zaidi katika spika ya kati, nayo ilikuwa chini. Besi ilikuwa juu mno, na boksi lake limesukumwa konani, mahali ambapo mvumo huzidi. Nayo besi hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Tukapandisha spika ya kati, tukashusha besi, tukaliondoa boksi konani, tukawasha mpangilio wa usiku, ambao hupunguza vishindo na kuinua minong'ono. Sauti nzima ikateremshwa, na maneno yakasikika.

Wapo wasemao, "Kwangu ni mawaidha, si filamu." Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa katika itikafu, aliwasikia watu wakisoma kwa sauti ya juu, akafunua pazia na kuwakataza wasiudhiane. Basi sembuse kaswida ya saa tano usiku?

Mke wangu amerudi kumwomba radhi. Eda ya bibi yule ingali na miezi miwili.