Msambwa si Mzimu: Dhidi ya Msamiati wa Kuazima katika Uhakiki Wetu

Utangulizi

Imekuwa ada katika idara zetu za Kiswahili kuamini kwamba mhakiki akishaacha kuandika kwa Kiingereza, ameacha pia namna ya Kiingereza ya kuugawa ulimwengu. Makala haya yanapinga imani hiyo. Yanadai kwamba katika uhakiki wa fasihi inayohusu imani za Waafrika, tumefanya kazi ya ukarani tu. Tumetwaa istilahi zilizoundwa na watu waliotudharau, tukazivisha kanzu ya Kiswahili, kisha tukaziingiza darasani kana kwamba ni urithi wa bibi zetu.

Mfano wetu mkuu ni Babukusu, wanaoishi kuanzia Myanga na Malakisi katika Bungoma hadi mashamba ya Kitale, kando ya Mlima Elgon. Si mara moja wala mara mbili tumesoma katika tasnifu za uzamili kwamba watu hawa "huabudu mizimu", kwamba nyimbo zao za jandoni zimejaa "ushirikina", na kwamba Elijah Masinde aliongoza "kikundi cha imani za kishirikina". Mwanafunzi aliyeandika hivyo aghalabu ni mtoto wa huko huko. Nyumbani husikia kumusambwa na kimisambwa. Akifika chuoni huandika mzimu na mizimu. Anayemfunza badiliko hilo ni nani, kama si sisi?

Istilahi zilizokuja na hukumu

Tuanze na asili ya maneno yenyewe. Neno la Kiingereza "fetish" linatokana na "feitiço", neno la mabaharia wa Kireno waliopita pwani ya Afrika Magharibi. "Animism" lilienezwa na Edward Tylor katika kitabu chake cha mwaka 1871, ambamo imani katika roho iliwekwa kwenye ngazi ya chini ya maendeleo ya akili ya binadamu. "Ancestor worship" nalo lilishikwa na wataalamu wa karne ya 19 kama ufunguo wa kufungulia kila mlango, uwe wa China, wa Japani au wa Afrika. Maneno haya hayakuundwa ili kueleza watu wanafanya nini. Yaliundwa ili kuonyesha wamesimama wapi kwenye ngazi ambayo kileleni pake amekaa mwundaji wa maneno.

Wataalamu wetu hawakunyamaza. Mwaka 1969 John Mbiti alikataa katakata kuiita ibada ile hali ya kuwamwagia wazee waliofariki pombe na kuwawekea chakula. Kwake huo ulikuwa ushirika wa jamaa mmoja, walio hai na waliotangulia. Mwaka mmoja baadaye Okot p'Bitek alitoka na shambulio kali zaidi dhidi ya wanazuoni wa Magharibi, akionyesha jinsi wamisionari walivyowasumbua wazee wa Kiacholi kwa swali la nani aliyewafinyanga, hadi wakatajiwa Rubanga, yule anayepinda migongo ya watu, wakamfanya Mungu. Vitabu hivi viwili tumevisoma sote. Tumevisifu kwenye semina, kisha tukarudi mezani na kuandika "ibada ya mizimu".

Hapana budi kukiri kwamba Kiswahili chenyewe hakina mikono mitupu katika jambo hili. Neno ushirikina limetoka katika teolojia ya Kiislamu, nalo ni hukumu: huyu amemshirikisha Mungu na visivyo Mungu. Shehe ana haki ya kulitumia mimbarini kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Mhakiki anapolitumia kama istilahi ya kueleza kisa au wimbo, ameacha uhakiki na kuingia katika uinjilisti usio na dhehebu. Aibu ni kwamba hajui ameingia.

Mzimu na kumusambwa

Mzimu ni neno zuri la Kibantu, lakini lina makazi yake. Katika pwani huweza kuwa pepo wa marehemu, na huweza pia kuwa mahali: pango, mti mkubwa, au magofu yanayowekewa sadaka. Muhammed Said Abdulla alilitumia kwa maana hiyo ya mahali katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Neno hilo lina ndugu zake, kuzimu na wazimu, na popote liendapo huandamana nao. Msomaji wa Kiswahili hawezi kusikia mzimu bila kusikia kwa mbali giza na kurukwa na akili.

Kumusambwa halina ndugu hao. Kwa Babukusu, neno hili hukusanya mambo ambayo sisi tumezoea kuyatenganisha: mzee aliyetangulia, desturi aliyoiacha, na wajibu wa walio hai kwa mzee huyo na kwa desturi hiyo. Ndiyo maana waliojaribu kulifasiri jina la Dini ya Msambwa wameyumba, huyu akisema ni dini ya roho za mababu, yule akisema ni dini ya mila za kale. Hawakuyumba kwa uzembe. Walilazimishwa kuchagua nusu, kwa kuwa lugha waliyokuwa wakiandikia haikuwa na neno zima. Aidha, juu ya kimisambwa yuko Wele, ambaye Babukusu humwita Wele Khakaba, yaani mgawaji. Anayesema kwamba watu hawa huabudu mizimu amemwondoa Wele katika kitabu kwa kalamu moja.

Hasara ya kifasihi ni dhahiri. Chukua khuswala kumuse, ile hotuba ya hadhara inayotolewa baada ya maziko ya mzee mashuhuri, ambapo msemaji husimulia historia ya ukoo na ya taifa, hukemea na huasa. Tukiishaamua kwamba ni sehemu ya "ibada ya wafu", tutatafuta humo woga na dua. Hatutauona muundo wa hoja wala uhuru wa msemaji wa kuwasuta wakubwa. Hali ni hiyo hiyo katika uhakiki wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Swali zito la tamthilia hiyo ni neno linapomponyoka aliyelitamka likawa na nguvu kumshinda yeye. Mhakiki aliyekwisha kuyaita maji ya Kinjeketile ushirikina hana haja ya kuliuliza swali hilo. Ameshapata jibu kabla pazia halijafunguliwa.

Neno lililofunga watu

Huenda msomaji akadhani kwamba tunagombania maneno. Naam, tunagombania maneno, kwa sababu yamewahi kufunga watu.

Mwaka 1945 Elijah Masinde, mtu wa Kimilili, aliyekuwa mwanasoka hodari na aliyewahi kuwa muumini wa kanisa la Friends, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alikaa huko hadi mwaka 1947. Serikali ya kikoloni haikuhitaji kujibu madai yake kuhusu ardhi iliyotwaliwa na walowezi wala kuhusu Mungu anayestahili kuombwa na Mwafrika. Ilihitaji neno moja tu, na neno hilo lilikuwa wazimu. Mwezi Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, na watu 11 wakafa. Mwaka huo huo dini yake ilipigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu. Tuzingatie mahali hapo. Mtu wa msambwa alifungiwa katika kitovu cha ushairi wetu mkongwe, na nijuavyo, wahakiki wa Kiswahili hatujawahi kuiona ajabu hiyo kuwa inatuhusu. Marufuku ilirudiwa mwaka 1968, chini ya serikali ya Kenya huru. Masinde alifariki mwaka 1987.

Kuna jambo jingine linalostahili kutazamwa. Wafuasi wenyewe ndio waliochagua neno dini, neno la pwani lililobeba heshima ya kitabu na sheria. Kulitia mbele ya msambwa kulikuwa ni kudai cheo sawa na cha Ukristo na Uislamu. Maafisa wa kikoloni walilichukua neno hilo hilo, wakalitia katika Kiingereza chao, likawa na maana ya kikundi cha Waafrika cha kutiliwa shaka na kupelelezwa. Hivyo neno letu tukufu lilirudi likiwa limevaa pingu. Anayeandika leo "kikundi cha Msambwa" kana kwamba jina la dini ni majivuno yasiyofaa kutajwa, anaendeleza faili la polisi.

Mfano wa Japani

Yapo mahali ambapo Kiingereza kililazimika kunyenyekea. Basil Hall Chamberlain, alipofasiri Kojiki mwaka 1882, alikiri kwamba kami ni neno gumu kupita yote kulipatia kisawe cha Kiingereza. Alitumia kisawe, lakini aliona pengo na akalieleza. Baadaye Wajapani wenyewe waliingia uwanjani: Anesaki Masaharu alishika kiti cha kwanza cha taaluma ya dini katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo mwaka 1905, na D. T. Suzuki akawaandikia Waingereza na Wamarekani kwa Kiingereza chao. Matokeo ni kwamba wasomaji wa Kiingereza wameyazoea maneno kama Zen na Tao bila kudai yafasiriwe, na mwanazuoni wa leo huandika kami bila kuomba radhi.

Hatusemi kwamba Japani ilinusurika. Neno shukyo, linalotumika leo kwa maana ya dini, lilipata maana hiyo katika karne ya 19 chini ya shinikizo la mikataba na mataifa ya Magharibi. Serikali ya Meiji iliugeuza mpaka wa neno hilo kuwa silaha: ibada za mahekalu ya Shinto zilitangazwa kuwa si dini, na kwa hila hiyo raia wa kila imani waliweza kutakiwa kuzishiriki. China nayo ilikuwa imekwisha kuonja. Kuanzia mwaka 1704 Roma iliwakataza Wakristo wa huko kuwafanyia mababu zao taratibu za heshima, kwa kuwa ziliamuliwa kuwa ibada. Mwaka 1939 Roma hiyo hiyo iliziruhusu, kwa kuwa sasa zilionekana kuwa heshima ya kiraia. Kilichobadilika ni jina. Katika muda wa zaidi ya karne mbili, Mchina mwenye mshumaa mkononi alikuwa mkosaji au mwana mwema kutegemea nomino moja.

Ikiwa Kiingereza, lugha ya mbali, kiliweza kuipisha kami, Kiswahili kinashindwaje kuipisha kumusambwa, neno la Kibantu mwenzake?

Pingamizi

Zipo pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba msomaji wa Unguja au Tanga hatalielewa neno la Kibukusu. Msomaji huyo huyo ameelewa rohani, subiani na maruhani, wala hakuna aliyedai yafasiriwe kwanza. Neno geni hufafanuliwa mara moja, kisha hutumika. Hivyo ndivyo msamiati wa Kiswahili ulivyokua.

Ya pili ina uzito zaidi. Inasemwa kwamba tukiondoa ushirikina na uchawi tutakuwa tumeipamba kila desturi, hata zile zinazoangamiza vikongwe kwa tuhuma. Sivyo. Asiyeweza kutaja kitu kwa jina lake hawezi kukihukumu. Mwenye kuita mganga, mwaguzi, mchawi na mzee wa ukoo kwa neno moja ndiye anayemhatarisha kikongwe, kwa sababu amekwisha kufuta tofauti ambazo wenyeji wanazijua na ambazo zingemwokoa.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tasnifu yoyote inayohusu imani ya jamii itumie majina ya jamii hiyo, na sura yake ya kwanza iyafafanue. Pili, maneno ushirikina, mizimu na dini za jadi yasitumike kama istilahi za uhakiki ila pale yanapotamkwa na mhusika au msimulizi, na hapo yahakikiwe kama kauli nyingine yoyote. Tatu, wasimamizi wa tasnifu tukome kuwasahihisha kwa wino mwekundu wanafunzi walioandika kumusambwa. Wino huo unafuta ushahidi.

Kiswahili kinajigamba kuwa lugha ya Waafrika wote. Haki ya majigambo hayo haitokani na wingi wa wasemaji. Itapatikana siku Mbukusu atakapoweza kumtaja Wele na wazee wake kwa Kiswahili, bila kwanza kuwatukana.