Hati ya Madai Asiyoielewa Mdai Ni ya Nani?

Najua mmezoea humu nawaletea stori za mabweni, foleni ya chakula na baridi la Iringa la mwezi wa sita. Leo hakuna stori. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na sisi tunaosoma sheria, hapa Iringa na wenzetu wa Mbeya. Wa fani nyingine msikimbie, maana hati ninazozisema ndo mama zenu na wajomba zenu wanakuja kuzisaini.

Hoja yangu ni moja. Mtu asisainishwe hati ya madai ambayo hawezi kuisoma, na sisi tunaojifunza kuziandika tuache kabisa kumwandikia mwananchi wa Rungwe au Kilolo madai yake kwa Kiingereza. Tuandike kwa Kiswahili, mambo yaliyotokea, kwa kifupi, mwenyewe akisomewa aseme "ndiyo, ilikuwa hivyo".

Kwa wasiosoma sheria, nieleze kidogo. Kesi ya madai kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu kwa kawaida huanza na karatasi inayoitwa hati ya madai. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya VII kanuni ya 1, imeorodhesha vitu vya kuweka humo: jina la mahakama, jina na makazi ya mdai, jina na makazi ya mdaiwa, mambo yaliyozaa madai na yalitokea lini, kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka, thamani ya kinachodaiwa, na nafuu anayoiomba mdai. Amri ya VI kanuni ya 3 inaongeza kwamba uandike kwa kifupi yale mambo ya msingi tu, ushahidi uuache kwa siku ya kusikilizwa, ugawe kwa aya zenye namba, na tarehe na fedha ziandikwe kwa tarakimu. Basi. Hakuna mahali sheria inakuambia uandike maneno ambayo bibi yako hayajui.

Sasa njoo kwenye Amri ya VI kanuni ya 15. Hapo ndo damu yangu inachemka. Mwisho wa hati kuna sehemu ya uthibitisho. Mdai anataja aya kwa namba zake: hizi nazijua mwenyewe kuwa ni kweli, hizi nimeambiwa nami naamini ni kweli. Anasaini, anaweka tarehe na mahali. Yaani mama anaithibitishia mahakama kuwa aya ya 1 mpaka ya 14 ni kweli kwa ufahamu wake mwenyewe, wakati aya zote 14 ziko kwa Kiingereza na yeye Kiingereza hajui! Hivi jamani, anathibitisha nini?

Msiniambie haya ni mambo ya kufikirika. Nimefanya fildi kwenye ofisi moja Mbeya, jina naliacha. Watu wanatoka Mbalizi, Uyole, Tukuyu, wanaeleza shida zao vizuri kabisa, kwa mpangilio, na tarehe wanazo kichwani. Anayeandika anafungua faili la kesi ya zamani kwenye kompyuta, anabadilisha majina na kiasi cha fedha, anachapa. "Mama saini hapa." Mama anauliza humo kumeandikwa nini. Anajibiwa, "Ni mambo ya kisheria hayo mama, wewe saini tu." Mama anasaini. Atafanyaje, na hela ameshatoa?

Wengine mtasema ni sawa, si kuna wakili wa kumsemea? Haya. Siku ya ushahidi anayesimama kizimbani ni mama, wakili yuko pale chini. Wakili wa upande wa pili anamuuliza: "Aya ya 6 ya hati yako inasema ulipeleka tani 25, leo unasema 30, tushike lipi?" Mama anashangaa, yeye toka mwanzo alisema 30, ile 25 imebaki humo kutoka kwenye faili la mtu mwingine. Na sheria yetu haina mzaha hapo. Mahakama ya Rufani kwenye shauri la James Funke Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, la mwaka 2004, ilishaeleza kazi ya hati hizi: kila upande uujue mapema ubishi unaokuja, asishtukizwe mtu, na ulichoandika kinakufunga. Kuomba kurekebisha kunaruhusiwa, lakini lazima kwanza ujue kuna kosa. Mama atalijuaje kosa asiloweza kulisoma?

Nimeshabishana sana na wenzangu bwenini juu ya hili, kwa hiyo hoja zao nazijua. Nizijibu moja moja.

La kwanza, eti lugha ya mahakama ni Kiingereza. Bwana, hilo lilibadilika mwaka 2021. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo ilikigusa kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ikatamka kuwa lugha ya mahakama ni Kiswahili. Na tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba aliyekuwa Musoma kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, akampandisha kuwa Jaji wa Rufani. Ni kweli mlango wa Kiingereza uliachwa wazi pale haki inapohitaji, na wengi wetu tumeugeuza mlango wa dharura kuwa lango kuu. Lakini haki ya mkulima wa Rungwe anayemdai mfanyabiashara wa Mbeya, wote wanaongea Kiswahili, wamekubaliana kwa Kiswahili na kutumiana meseji kwa Kiswahili, inahitaji Kiingereza kwa lipi?

La pili, eti Kiswahili hakina maneno. Hili linanichosha. Mahakama za Mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili miaka na miaka, watu wamedaiana, wamerithi, wameachana humo. Mdai, mdaiwa, fidia, riba, gharama, pingamizi, ukomo wa muda, zuio, nafuu. Ni neno lipi limekosekana? Mara nyingi neno lipo, sisi ndo hatujafundishwa. Tunasoma miaka minne, tunatoka tunajua maneno ya Kilatini kuliko ya Kiswahili, halafu tunailaumu lugha.

La tatu, eti kesi za rejea zote ziko kwa Kiingereza. Sawa, lakini nani kakuambia kesi za rejea zinaandikwa kwenye hati ya madai? Kule tunaandika yaliyotokea. Sheria utabishana nayo kwenye hoja zako baadaye, na huko ukitaka kumtaja Mukisa Biscuit wa 1969 mtaje hata mara kumi.

La nne lina uzito, nalipa heshima yake. Wanasema ukiandika kirahisi unajitega, utapigwa pingamizi la awali hati itupwe. Nikubali kwamba hati inatupwa kweli. Amri ya VII kanuni ya 11 inasema isipoonyesha sababu ya madai itakataliwa, na ikionyesha yenyewe kwamba shauri limezuiwa na sheria, vilevile. Kwenye Byombalirwa dhidi ya Agency Maritime Internationale, 1983, Mahakama ya Rufani ilisema sababu ya madai inatafutwa kwenye hati yenyewe na viambatisho vyake. Na ile ibara ya 107A ya Katiba inayozitaka mahakama zisifungwe mno na ufundi, pamoja na marekebisho ya 2018 yaliyoleta kanuni ya lengo kuu la haki, haviwezi kukuokoa ukifungua kesi nje ya muda au kwenye mahakama isiyo na mamlaka. Ila ujinga wa masharti na urahisi wa lugha ni vitu viwili tofauti. Hati inatupwa kwa kukosa jambo. Haitupwi kwa kueleweka.

Tufanye mfano tuone. Tuseme kuna mama anakusanya parachichi Tukuyu, amemuuzia mnunuzi wa Mbeya mzigo hakulipwa wote. Mwili wa hati yake uko hivi:

1. Mdai ni mfanyabiashara wa parachichi, anaishi Tukuyu, Wilaya ya Rungwe.

2. Mdaiwa ni mfanyabiashara, anaishi Uyole, Jiji la Mbeya.

3. Tarehe 12/3/2024, wakiwa Tukuyu, mdai na mdaiwa walikubaliana kwa maandishi kuwa mdai atamuuzia mdaiwa kilo 30,000 za parachichi kwa bei ya Sh 1,600 kwa kilo, jumla Sh 48,000,000. Nakala ya makubaliano ni kiambatisho A.

4. Kati ya tarehe 20/3/2024 na 25/4/2024 mdai alimkabidhi mdaiwa kilo zote 30,000, na mdaiwa alisaini kupokea kila mzigo. Stakabadhi ni kiambatisho B.

5. Mdaiwa alitakiwa kulipa fedha zote ifikapo tarehe 30/6/2024. Amelipa Sh 8,000,000 tu. Zimebaki Sh 40,000,000.

6. Mdai alimwandikia mdaiwa kumdai tarehe 15/7/2024. Mdaiwa hajalipa. Nakala ya barua ni kiambatisho C.

7. Makubaliano yalifanyika Tukuyu na kiasi kinachodaiwa ni Sh 40,000,000, hivyo Mahakama hii ya Wilaya ya Rungwe ina mamlaka.

8. Mdai anaomba mdaiwa aamriwe kulipa Sh 40,000,000, riba na gharama za kesi hii.

Aya nane. Nani, wapi, lini, kiasi gani, nini kimevunjwa, anataka nini. Kwa kuwa deni limevuka milioni 30 haliendi Mahakama ya Mwanzo, na kwa kuwa ni mkataba, muda wake wa kudai ni miaka 6, bado upo. Kama mama ana hasara nyingine mahsusi, mfano nauli za kufuatilia deni, aiweke aya yake na tarakimu zake, maana tangu Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992, tunajua hasara ya namna hiyo hutajwa waziwazi na kuthibitishwa. Sasa msomee mama. Kama kilo si 30,000 atakukatiza hapo hapo: "Hapana mwanangu, siyo hivyo." Hapo mama amekufanyia kazi ya uhariri bure, tena kabla ya wakili wa upande wa pili.

Tuwe macho pia na Kiswahili cha kubandika. Kuna hati ziko kwa Kiswahili lakini kila aya inaanza na "Kwamba", mdai ni "mtu wa asili mwenye akili timamu", na sentensi moja ina mistari tisa. Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanga. Mama bado hatoki na kitu.

Mnakumbuka yale matokeo ya Shule ya Sheria ya Oktoba 2022? Watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Nchi nzima ilipiga kelele, ikaundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mtu wa huku huku kwetu. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Mimi naona, na haya ni maoni yangu, kwamba tumezoea kukariri umbo la hati kabla ya kujifunza kumsikiliza mtu na kuandika alichosema. Mtu wa hivyo umpe mtihani wa tukio jipya, anatafuta faili la zamani halioni.

Kwa hiyo naomba haya, kwa Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha Katoliki, Mzumbe kampasi ya Mbeya, na kwingine wanakofundisha sheria. Zoezi la kuandika hati lifanyike kwa Kiswahili pia, na lisahihishwe kwa uzito uleule. Kwenye madawati yetu ya msaada wa kisheria, kazi ambayo tangu 2017 ina sheria yake, hati isomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla ya kalamu kushikwa, na akisema hajaelewa, iandikwe upya. Na sisi tunaokwenda fildi likizo hii tukatae kumwambia mtu mzima "saini tu".

Anayebisha aandike, nitamjibu. Ila aje na aya zake nane, na amsomee kwanza bibi yake.

Nawakilisha.