Usimwachie Blaindi Anayepandisha Kila Mara

Meza ya poka ya limiti ikibaki na watu watano au wanne, zamu ya blaindi hurudi upesi, na kila ikirudi yupo mtu kwenye batani anayepandisha dau ili azichukue bila upinzani. Wengi hushauri aachiwe. Hoja zao nazijua, na sikubaliani nazo.

Wanasema fedha ya blaindi ukishaiweka si yako tena, hivyo kuifuata ni kujiongezea hasara. Si yako, kweli. Ndiyo maana cha kuuliza ni bei tu. Chukua meza ya dola 10 na 20, blaindi zikiwa 5 na 10. Batani anapandisha hadi 20, blaindi ndogo anatupa karata. Kwenye fungu kuna 35, nawe unadaiwa 10. Ukivuna kwa wastani zaidi ya asilimia 22 ya fungu la 45, kufuata kumekulipa. Hata 7 na 2 za aina tofauti, mkono unaodharauliwa kuliko yote, hushinda takriban mara 35 kwa 100 dhidi ya karata za kubahatisha. Huo utupe, kwa sababu batani hapandishi kwa chochote, nawe utatangulia kucheza kila raundi. Lakini jeki na 8 za pau kuzitupa kwa bei hiyo ni kumpa mtu zawadi.

Wengine hushauri kusubiri karata kali. Batani anahatarisha 20 ili apate 15. Blaindi zote mbili zikitupa zaidi ya mara 57 kwa 100, anapata faida papo hapo bila hata kutazama karata zake. Inatosha kila mmoja wenu atupe zaidi kidogo ya robo tatu ya mikono yake, na anayengoja ree na kingi hutupa zaidi ya hapo.

Hoja inayogharimu watu zaidi ni hii: nitafuata, nikikosa flopu naachia. Karata mbili zisizo jozi hukosa kupata jozi kwenye flopu kama mara mbili katika kila tatu. Mpinzani naye hukosa vivyo hivyo, ila yeye hupiga dau hata akikosa. Anaweka 10 kwenye fungu la 45; ukikimbia zaidi ya mara 18 kwa 100, dau hilo limejilipa lenyewe. Kwako fungu sasa ni 55 kwa 10. Tuseme flopu ni 8 ya shupaza, 5 ya uru na 2 ya kopa, nawe una ile jeki na 8. Pita, mwache apige, kisha mpandishie. Flopu hiyo ikija nawe umeshika 7 na 6, fanya vilevile: 4 au 9 ikitoka umekamilisha mfuatano, na mara nyingine atatupa kabla haijatoka.

Kuna wanaoleta mafunzo ya poka isiyo na limiti. Kule anayepandisha huchagua kiasi na kukuharibia bei. Huku kiasi kimefungwa. Januari 2015 watafiti wa University of Alberta, Kanada, walieleza katika jarida la Science kwamba poka ya limiti ya watu wawili imetatuliwa kivitendo, na programu yao, Cepheus, ikiwa blaindi kubwa hutetea mikono mingi kuliko walivyozoea wachezaji wengi. Katika poka hiyo ya wawili, yenyewe hulipa 10 kupata 30. Wewe unapata 35. Usiige yote, maana batani mwenye blaindi mbili mbele yake hupandisha kwa mikono bora kidogo, na makato ya kasino kwenye meza ndogo hula sehemu ya faida.

Blaindi ndogo ni habari nyingine. Kufuata kunagharimu 15 kwa 35, na nyuma yako yupo mtu ambaye hajaamua. Hapo pandisha hadi 30 au tupa. Blaindi kubwa akiondoka, 10 zake zinabaki mezani na umebaki na mpinzani mmoja.