Magunia Yamejaa, Watoto Wamedumaa: Neno kwa Makanisa ya Songea

Kila msimu wa mavuno, mahindi ya Ruvuma hujaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, Kanda ya Songea, na mengine husafirishwa kulisha mikoa ya mbali. Katika mkoa huohuo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kwamba takriban watoto 36 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Wastani wa taifa ulikuwa 30. Mkoa unaolisha wengine una watoto wenye njaa isiyoonekana kwa macho.

Udumavu ni ufupi wa mtoto kulingana na umri wake, unaosababishwa na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Ubongo nao hujengeka katika siku hizo, na kinachokosekana wakati huo hakifidiki kwa urahisi baadaye. Mtoto wa namna hii anaweza kushiba uji mweupe kila siku na bado akadumaa, kwa kuwa uji wa sembe pekee haumpi protini, madini na vitamini za kutosha.

Nayaelekeza maneno haya kwa makanisa kwa sababu historia ya Ungoni imeyaweka karibu sana na suala la njaa. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Vita vya Maji Maji vilipofika huku mwaka 1905, misheni yao ilichomwa moto. Jeshi la Wajerumani nalo liliteketeza mashamba na maghala ya wananchi ili njaa iwalazimishe kusalimu amri. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walikufa katika eneo lote la vita, wengi wao kwa njaa na maradhi. Misheni ilijengwa upya, na Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, Peramiho, inatibu watu wa dini zote hadi leo. Katika nchi hii, kumhudumia mwenye njaa na mgonjwa ni sehemu ya kazi ya Kanisa ambayo kila mtu anaitambua.

Leo huduma hiyo huonekana zaidi wakati wa Krismasi na Pasaka, waamini wanapopeleka mahindi, sukari, sabuni na nguo kwa wazee, wajane na yatima. Ni tendo jema, na halistahili kubezwa. Hata hivyo, mama mjamzito na mtoto wa miezi minane hawamo katika orodha hiyo, kwa kuwa nyumba yao ina mume, ina shamba, na pengine ina gunia la mahindi kona ya chumba. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia jambo linalofanana na hili. Chakula kilikuwepo, lakini wajane wa kundi moja walisahaulika katika mgao wa kila siku. Mitume waliwaagiza waamini wachague watu saba wenye sifa njema wasimamie kazi hiyo.

Kwanza, basi, kila jumuiya ndogo ndogo ichague watu wake. Jumuiya hukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba. Hujua nani ni mjamzito na nani amejifungua. Wateule hao washirikiane na mhudumu wa afya wa kijiji, wahimize mahudhurio ya kliniki na unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo.

Pili, kikapu cha sadaka kibadilike. Kwaresima huangukia kati ya Februari na Aprili, wakati akiba za nyumbani zinapungua, mavuno mapya hayajafika, na akina mama wamechoka kwa palizi. Matoleo ya kipindi hicho yawe maharage, karanga, mayai na dagaa wa Ziwa Nyasa, na yaelekezwe kwa nyumba zenye siku 1,000.

Tatu, mimbari iondoe aibu. Wapo wanaoamini kwamba mtoto aliyekonda au kuvimba miguu amebemendwa, yaani wazazi wake wamekiuka miiko ya ndoa wakati wa kunyonyesha. Imani hii huwafanya akina mama wawafiche watoto wao ndani, au wazunguke kwa waganga hadi hali iwe mbaya. Utapiamlo ni ugonjwa unaotibika, na hauthibitishi uzinzi wa mtu yeyote. Padri, mchungaji au katekista akitamka hivyo hadharani, atafungua milango ambayo muuguzi peke yake hawezi kuifungua.

Lipo onyo moja la kitabibu. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu yote miwili asilishwe tu chakula kingi nyumbani au kanisani kwa nia njema. Mwili wake dhaifu unaweza kushindwa kukihimili. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema kwamba lishe ni kazi ya Serikali. Ni kweli, Serikali ina wajibu wake, na hakuna kikapu cha sadaka kitakachouondoa. Lakini uamuzi wa kuuza maharage yote na kubakiza mahindi pekee hufanyika nyumbani, mara nyingi na baba, na huko sauti ya Kanisa husikika. Mafundisho ya ndoa yanaweza kumweleza mwanamume kwamba kubakiza debe la maharage na kumpunguzia mkewe mjamzito kazi nzito ni sehemu ya kiapo chake.

Wauguzi wenzangu na madaktari, tusisubiri makanisa yatutafute. Tuombe dakika kumi za matangazo baada ya ibada Jumapili ijayo, tufike na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na tuzungumze kwa lugha ambayo bibi na mjukuu wataielewa.