Daftari la Mahudhurio Halimfundishi Mtoto

Mwaka 2014 wachunguzi wa Benki ya Dunia walipita katika shule za msingi za Tanzania bila kutoa taarifa, wakatazama walimu wako wapi. Takriban mwalimu mmoja kati ya saba hakuwapo shuleni. Hilo halishangazi sana. La kushangaza ni kwamba walipohesabu darasani badala ya getini, waliokosekana walikaribia nusu ya walimu wote. Yaani wengi walikuwa wamefika, wamesaini, wakaishia ofisini au kivulini. Wapo waliokuwa na sababu ya haki, wakisahihisha kazi za wanafunzi au wakimalizia taarifa zinazotakiwa wilayani, lakini pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa kwa sababu hizo pekee.

Tumezoea kusema watumishi wetu ni wavivu. Mvivu hasa angebaki nyumbani kwake. Huyu amedamka, amevaa, pengine ametembea kilomita kadhaa, halafu hakuingia darasani. Amefanya kile ambacho wakubwa wake wanakikagua. Mwalimu mkuu anauliza daftari la mahudhurio, afisa elimu kata analiuliza, na afisa akitoka halmashauri jambo la kwanza ni hilohilo daftari. Ni nadra mkubwa yeyote kumwita mtoto wa darasa la pili na kumwambia asome mistari mitatu. Mahali pa kazi hufundisha watu tabia kwa njia hiyo: kwa kile ambacho bosi hukitazama, na kwa namna anavyopokea habari mbaya. Kaulimbiu zilizobandikwa ukutani zina nguvu ndogo mno mbele ya mambo hayo mawili.

Chukua kata kama Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Mkurugenzi, mkubwa wa juu wa mwalimu, wa muuguzi wa zahanati na wa mtendaji, yuko Majalila, makao makuu ya halmashauri, na hawezi kuwapo kila siku. Anachokiona ni karatasi na simu. Basi watumishi walio mbali hujifunza upesi kwamba kazi yao ya kweli ni kumridhisha msomaji wa karatasi. Serikali ilijaribu kulitibu tatizo hili kwa OPRAS, mfumo ulioanza mwaka 2004, ambapo mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa pamoja, kukubaliana malengo na kuyapima. Wazo lilikuwa zuri. Kwa wengi likageuka fomu ya kujaza harakaharaka pale kupanda daraja kunapokaribia, na sasa limerithiwa na mfumo wa kompyuta. Kompyuta nayo itajazwa vilevile iwapo msimamizi hana nia ya kukaa na mtu wake.

Habari mbaya ndiyo nusu ya pili ya hoja, na historia yetu ina mfano mzito. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere aliagiza kuwa ifikapo mwisho wa mwaka 1976 Watanzania wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Wakuu wa mikoa na wilaya wakashindana kutimiza hesabu. Kaya zilihamishwa kwa nguvu, mahali pengine nyumba zikachomwa, na vijiji vingine vikawekwa mbali na maji au kwenye ardhi isiyofaa kulimwa. Maofisa waliosimamia jambo hilo hawakuwa watu wabaya kuliko wengine, na wengi walikuwa watoto wa wakulima waliojua vema ardhi inayofaa. Lakini swali lililotoka juu lilikuwa moja, wangapi wamehamia, na aliyejibu kwamba hapa hapafai alionekana mpinzani. Ujuzi wao wa ardhi ukakosa mahali pa kusemewa.

Atakayenipinga kwanza ni yule anayeamini ukali. Ataniambia: Mtanzania bila kubanwa hafanyi kazi, kumbuka Novemba 2015. Ni kweli, Rais Magufuli alipofika Muhimbili bila taarifa, mashine za uchunguzi zilizokuwa mbovu zilitengenezwa ndani ya siku chache. Sitabeza jambo hilo, kwa maana wagonjwa walipona kwa sababu yake. Lakini tazama ukali ulifanikiwa wapi. Ulifanikiwa kwenye kitu kinachoonekana kwa macho na kinachotengenezeka kwa amri moja. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na hilo pia ni jambo la karatasi, linalokaguliwa likaisha. Kumfundisha mtoto kusoma, au kumsikiliza mama mjamzito hadi aseme dalili aliyokuwa akiificha, ni kazi ya kila siku isiyo na shahidi. Hakuna ziara ya kushtukiza itakayofika Kasekese kila asubuhi. Isitoshe, mtu aliyeona mwenzake akitumbuliwa hadharani hujifunza kwanza kabisa kuficha kasoro, na kasoro iliyofichwa haitengenezwi na mtu.

Wala si kweli kwamba kudai uongozi wa staha ni mambo ya kigeni. Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu, na wafanyakazi wakauchukua kama ulivyoandikwa. Katika migomo ya miaka iliyofuata, mingi haikuhusu mshahara. Ilihusu mameneja waliotukana watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika hatua ya kukikalia kiwanda na kukiendesha wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: waongezeni fedha, tabia itakuja yenyewe. Mshahara duni ni kero ya kweli, na nyumba ya mwalimu inayovuja haihitaji nadharia. Lakini jambo hili limepimwa. Mwaka 2013 na 2014 mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza ulifanyika katika shule 350 kwenye wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku, katika jingine walimu wakapewa bonasi kwa kila mtoto aliyefaulu mtihani, la tatu likapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha matokeo ya watoto. Palipokuwa na ruzuku pamoja na kipimo kilichotazama kama mtoto amejifunza, matokeo yalipanda, na yalipanda kuliko jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Bonasi nayo ni fedha, nakubali. Ila ilikuja na swali jipya, na ni swali hilo ambalo ruzuku ilikosa.

Mfano wa karibu zaidi uko wilaya hiyohiyo ya Tanganyika. Vijiji vinane vinavyozunguka misitu ya milima ya Ntakata vinauza hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, na mabilioni ya shilingi yameingia. Wanaolinda msitu ni vijana wa vijiji hivyo, na matumizi ya fedha, iwe zahanati, madarasa au bima ya afya, hujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji. Hawa si watu wa kabila la malaika. Ni wakulima wale wale waliokuwa wakilaumiwa kwa kufyeka miti. Msitu ukisimama wanaiona faida, na fedha ikipotea wanajua wa kumuuliza.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Wananchi wa Kasekese wautumie kuuliza watoto wangapi wa darasa la pili wanaweza kusoma na dawa zipi zimekosekana zahanati tangu mkutano uliopita, kisha wamwache mtumishi ajibu bila kuzomewa. Na mkurugenzi atakapokuja kukagua, aliache daftari la mahudhurio mezani, aingie darasani akaombe kuona madaftari ya watoto.