Shajara Iliyopogolewa

Nasaba za walowezi wa Marekani ni nyingi, lakini ni chache zilizotiwa nakshi kama ya Daniel Boone, na ni chache zilizokatwa matawi kwa ukatili kama hiyo. Msomaji hupewa mtu mmoja, bunduki moja na msitu usio na mwenyewe. Baba hatajwi ila kwa jina, mke husifiwa kwa subira, na waliobaki huyeyuka kama umande. Kuuita huo ufupisho ni kuustahi mno; jina lake ni ulaghai, na waliobeba sehemu kubwa ya dhambi yake, kwa masikitiko, ni watu wa kalamu.

Ukweli wa ukoo huo una utamu kuliko hadithi. Squire Boone, mfumaji na mhunzi, alitoka Bradninch, katika jimbo la Devon, Uingereza, mwaka 1713, akaelekea Pennsylvania, kimbilio la wenzake wa madhehebu ya Kikristo ya Marafiki. Huko ndiko alikozaliwa Daniel mwaka 1734. Na katika yaliyowang'oa huko, wapenzi wa hadithi za wito wa nyika watuwie radhi, kubwa lilikuwa harusi. Binti mkubwa aliolewa nje ya madhehebu mwaka 1742; baba akaomba radhi. Mwaka 1747 mwanawe Israel naye akaoa nje. Safari hii mzee alikataa katakata kuinamisha kichwa, akatengwa. Mwaka 1750 ukoo ulikuwa njiani kwenda bonde la Yadkin, North Carolina. Ugomvi wa posa na heshima ya mzazi, jambo ambalo kila nyumba inalifahamu, ndio uliomsogeza shujaa karibu na mpaka.

Mtu wa kwanza kuupogoa mti huu alikuwa John Filson, mwaka 1784, alipochapisha kitabu chake juu ya Kentucky na kuyatia ndani maisha ya Boone kwa lugha ya nafsi ya kwanza, ilhali maneno ni ya Filson mwenyewe. Filson alikuwa na ardhi Kentucky, na ardhi hupanda bei wanunuzi wakivutika. Mwamba ngoma huvutia kwake. Baadaye wakaja washairi. Mwaka 1813 Daniel Bryan, jamaa wa upande wa mke, alitoa utungo mrefu wa kumtukuza. Husemwa kuwa Boone, aliyekuwa hai bado, hakuupenda hata kidogo. Byron naye, asiyepata kukanyaga Kentucky, alimweka katika *Don Juan* mwaka 1823 kama mtoto safi wa maumbile, asiyeguswa na uovu wa mjini. Mtu ambaye kufikia mwaka 1787 alimiliki watumwa saba!

Tuyatazame basi matawi yaliyotupwa. Rebecca Bryan aliolewa mwaka 1756, akazaa watoto kumi, akalea na wengine wa ukoo walioachwa bila mama. Mumewe alipokwenda kuwinda mwaka 1769 alirudi mwaka 1771. Mwaka 1778, alipodhani mumewe keshakufa mikononi mwa Washawnee, alifunga mizigo, akawarudisha watoto North Carolina. Huyo ndiye wanayemwita mwanamke wa kungoja mlangoni.

Adam, mtumwa wa William Russell, anafaa kuwa na utenzi wake. Oktoba 1773, familia ya Boone ilipojaribu kuingia Kentucky mara ya kwanza, James, kifungua mimba wa Boone, aliteswa na kuuawa pamoja na mwana wa Russell. Adam alijificha jirani, akayaona yote kwa macho yake, na yanayojulikana juu ya mwisho wa kijana yule yamepitia kinywani mwake. Kila mwandishi hukopa ushahidi wake. Wangapi humtaja jina?

Na Washawnee? Machi 1775, kampuni ya Richard Henderson iliposema imeinunua Kentucky kwa Wacherokee huko Sycamore Shoals, Washawnee, waliokuwa wakiwinda katika nchi hiyo, hawakushirikishwa. Hata miongoni mwa Wacherokee, Dragging Canoe aliipinga biashara ile. Virginia yenyewe iliibatilisha mwaka 1778. Mwaka huohuo Boone alitekwa, akafanywa mwana na mkuu Blackfish, akapewa jina la Sheltowee, Kasa Mkubwa. Alitoroka, na mnamo Septemba baba huyo wa kulea akaizingira ngome ya Boonesborough. Mkalimani wa Washawnee alikuwa mtu mweusi, Pompey, aliyeuawa palepale.

Watetezi hujibu kuwa kila zama na watu wake, na kwamba si haki kuwahukumu wafu kwa mizani ya leo. Hoja hii ingekuwa na uzito lau zama zile ndizo zilizonyamaza. Hazikunyamaza. Wenzake Boone walimfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kumshuku kuwa amekaribiana mno na Washawnee, ingawa aliachiwa huru. Hata mwaka 1851, Lyman Draper alipomhoji mwanawe Nathan na mkewe Olive, kumbukumbu za nyumbani zilikuwa na watu tele: shemeji, watekaji, wadai. Walionyamaza ni waliokuja nyuma, wenye kuhitaji shujaa asiye na deni.

Na deni lilikuwepo. Vipimo vibovu na kesi juu ya kesi vilimpokonya ardhi ya Kentucky, akahamia Missouri mwaka 1799, ilipokuwa chini ya Wahispania. Huko nako akapoteza, na ile aliyorejeshewa na Bunge la Marekani mwaka 1814 ikaishia kwa wadai. Alifariki mwaka 1820. Mwaka 1845 Kentucky ilifukua mifupa, yake na ya Rebecca, ikaizika upya Frankfort kwa shangwe, huku watu wa Missouri wakidai kuwa imechukuliwa maiti siye. Mwaka 1983 mtaalamu wa mifupa alichunguza nakala ya plasta ya fuvu lililofukuliwa siku ile, akasema huenda ni la mtu mweusi. Wengine wakampinga, na ubishi haujakatwa hata leo.